Kuhisabu Kabla ya Kufungua Duka

 

Ndugu zetu Waislamu, katika miji yetu hii ya pwani, tangu Vanga hata Lamu, liko jambo ambalo sote twaliona na wachache tu hulisema. Kijana hukusanya rasilmali ya kuanzia biashara: mamake humpa bangili zake za dhahabu akaziuze, ndugu yake aliyeko Ghuba humpelekea kiasi, naye huongeza akiba yake ndogo. Hufungua duka. Siku ya kufungua husomwa dua, hunywewa kahawa kwa tende, na watu wa mtaa humpa mkono wa kheri. Baada ya miezi mitano au sita ukipita njia ile waona mlango umefungwa, na kibao cha jina kingali juu yake, rangi yake haijapauka. Ukiuliza khabari waambiwa, "Alifanyiwa husuda." Au, "Riziki yake haikuwa hapo." Na maneno huishia hapo.

Sisi hatukanushi husuda. Imetajwa katika Qur'ani, na Mwenyezi Mungu ametufundisha kujikinga kwake na shari yake. Wala hatukanushi kuwa riziki i mikononi mwake. Lakini twauliza: duka lile, kabla ya kufunguliwa, je, iliandikwa mahali popote ni pishi ngapi za mchele, au sahani ngapi za chakula, au doti ngapi za leso ambazo hazina budi kuuzwa kila siku ndipo kodi ya mlango ipatikane? Alikuwako mtu hata mmoja aliyejua? Ikiwa hakuwako, basi vipi twamtuhumu jirani kwa jicho lake kabla ya kulitafuta daftari?

Watu wa benki na wa vyuo hukiita kitu hiki mpango wa biashara, na jina hilo limewatisha wengi wakadhani ni kazi ya wenye shahada. Sivyo. Ni karatasi moja au mbili zenye majibu ya maswali ambayo mwenye akili hujiuliza hata akinunua mbuzi: nauza nini, nani atakayenunua, na hivi sasa anunua wapi, mali hii ni kiasi gani na ni ya nani, ni fedha ngapi zitakazotoka kila mwezi, niuze nisiuze, na mali ikipotea, khasara ataibeba nani. Mtu akiweza kuandika barua ya posa aweza kuandika mpango wa biashara.

Huenda mtu akasema: haya ya kuhisabu miezi sita mbele ni kujifanya twajua ghaibu, Muislamu humtegemea Mungu akaanza. Jawabu ni kuwa kutegemea alikotufundisha Mtume (s.a.w.) siko huku. Amepokea Tirmidhi kuwa mtu mmoja alimuuliza kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga kisha amtegemee Mungu, naye akaamrishwa amfunge, kisha ategemee. Kamba ndiyo iliyotangulia. Wenzetu wengi wameishika nusu ya pili ya hadithi hii wakaiacha ile ya kwanza, na ngamia amekwenda zake.

Tena tazama kisa cha Nabii Yusuf. Mfalme wa Misri aliota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda. Yusuf hakutosheka na kuifasiri ndoto. Alitoa na mpango. Walime miaka saba mfululizo, na watakachovuna wakiache katika mashuke yake isipokuwa kidogo cha kula, kisha katika miaka saba ya shida wale akiba ile, wala wasiimalize, wabakishe kidogo. Hiyo ni hisabu ya miaka 14, yenye kiasi cha kula, namna ya kuhifadhi, na akiba ya mwisho. Na aliyeitoa ni Nabii, aliyejulishwa kwa yakini yatakayokuja. Lau kujua kwatosha, yeye ndiye asiyekuwa na haja ya ghala. Seuze sisi tusiojua hata bei ya unga itakuwa ngapi mwezi ujao!

Wazee wetu wa pwani nao hawakuwa wageni wa jambo hili. Nahodha alijua kuwa kaskazi humleta na kusi humrejesha, na kwamba akichelewa kuuza shehena yake mpaka wakti ukampita, atakaa bandarini miezi akila faida yake mwenyewe. Alihisabu maji ya kunywa, alihisabu mchele wa mabaharia, alihisabu siku. Hatujasikia kuwa yuko aliyemwambia nahodha kuwa kuhisabu maji mapipani ni uchache wa imani.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na duka dogo ni khabari ya yule mtu wa Kiansari aliyekuja kwa Mtume (s.a.w.) kuomba. Ameipokea Abu Daud kutokana na Anas. Wako wanazuoni waliosema kuwa isnadi yake ina udhaifu, nasi twalitaja hilo ili asije mtu akatulaumu. Lakini maana yake yaungwa mkono na hadithi iliyo sahihi katika Bukhari, kuwa mtu kuchukua kamba yake akabeba mzigo wa kuni mgongoni akauza ni bora kwake kuliko kuwaomba watu.

Mtu yule aliulizwa kama nyumbani kwake hamna kitu. Akasema mna tandiko, sehemu twajifunika na sehemu twalitandika, na bakuli la kunywea maji. Akaambiwa avilete. Mtume akavishika kwa mkono wake akavinadi. Mmoja akatoa dirhamu moja. Mtume akauliza mara mbili au tatu ni nani atakayezidisha, hata mwengine akatoa dirhamu mbili, akauziwa. Kisha akampa Muansari dirhamu zake mbili, akamwambia kwa moja anunue chakula awapelekee watu wake, na kwa ya pili anunue shoka amletee. Akaitia shoka mpini kwa mkono wake mtukufu, akamwambia aende akakate kuni na kuuza, wala asimwone mpaka zipite siku 15. Alirudi ana dirhamu kumi, akanunua nguo kwa baadhi yake na chakula kwa baadhi.

Twawaomba ndugu zetu waisome khabari hii polepole, kama mfanyi biashara asomavyo hati ya shehena. Jambo la kwanza lilikuwa kuhisabu kilichomo nyumbani, hakuambiwa akope. La pili, mali haikutolewa kwa bei ya kwanza. Ilinadiwa mpaka ikafika maradufu. La tatu, na hili ndilo lipuuzwalo na wengi, chakula cha watoto kilitengwa mbali na rasilmali tangu siku ya kwanza, nusu kwa nusu, ili njaa ya nyumbani isije ikaila shoka. La nne, fedha ya biashara ilinunua chombo cha kazi. Haikununua kibao cha jina. La tano, bidhaa yenyewe ni kuni, kitu ambacho kila nyumba ya Madina ilikihitaji kila siku. Na la mwisho, kuliwekwa muda: siku 15, kisha arudi atazamwe amepata nini. Si dirhamu mbili tu hizo? Basi ikiwa dirhamu mbili zilipangwa hivi, vipi mtu atie shilingi laki moja na zaidi katika mlango wa duka bila ya mstari mmoja wa kalamu?

Sasa na tufanye mfano wa kwetu, na hisabu hizi ni za mfano tu. Kila mtu atatia zake kwa bei za mtaa wake. Kijana ana shilingi 120,000: dhahabu ya mamake imetoa 60,000, nduguye amempelekea 40,000, na zake mwenyewe ni 20,000. Ataka kufungua mahali pa kuuza mahamri, mbaazi na chai asubuhi. Kodi ni 12,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba ataka mwezi wa kwanza pamoja na amana ya miezi miwili, jumla 36,000. Majiko, masufuria, meza na mabenchi, 45,000. Leseni, rangi na kibao, 20,000. Hayo yote ni 101,000. Kilichobaki cha kununulia unga, nazi, mbaazi, iliki, sukari na mafuta ni shilingi 19,000. Hapa ndipo wengi walipoanguka bila ya kujua kuwa wameanguka, kwa kuwa siku ile ya kufungua duka hung'aa na mwenyewe hutabasamu, ilhali karibu mali yote imekuwa mbao na rangi.

Tuendelee. Sahani moja pamoja na chai auza 80. Vitu vilivyoingia ndani yake pamoja na makaa ni 50. Imebaki 30. Kila mwezi atatoa kodi 12,000, mshahara wa msaidizi 15,000, na maji, taa na mengineyo 3,000, jumla 30,000. Gawanya kwa 30: ni sahani 1,000 kwa mwezi. Akifungua siku 26, ni sahani 39 kila siku, na hapo bado yeye mwenyewe hajapata hata senti ya kupeleka nyumbani. Ikiwa nyumba yake yahitaji 15,000 kwa mwezi, basi ni sahani 1,500, yaani 58 kila siku atakayofungua.

Hamsini na nane. Hiyo ndiyo nambari aliyokuwa akiihitaji, na yapatikana kwa kalamu na nusu saa. Akiwa nayo aweza kufanya lile alilolifanya Abdurrahman bin Auf alipofika Madina. Ndugu yake wa Kiansari, Saad bin Rabii, alimtolea nusu ya mali yake; yeye akamwombea baraka na akataka aonyeshwe soko lilipo. Akaonyeshwa soko la Bani Qainuqai, akaenda, akarudi na jibini kavu na samli. Aliuliza soko kabla ya kupokea rasilmali ya mtu. Basi kijana wetu naye na asimame pale atakapo kufungua, tangu watu watokapo sala ya Alfajiri hata saa nne, wiki nzima, ahisabu. Wangapi wapita? Wangapi wamekwisha kula kwao? Yule mama auzaye barazani kwake hatua 30 kutoka hapo auza sahani ngapi, na kwa bei gani? Akiona kuwa mtaa mzima wanunua sahani 70 na yule mama auza 50, amekwisha kujibiwa, wala hakulipa kodi ya hata siku moja.

Na maadamu tumemtaja mama huyo, yafaa tuseme kweli: mabingwa wa hisabu katika miji yetu wamo majikoni. Mwanamke auzaye mahamri barazani ajua kilo moja ya unga yatoa mahamri mangapi, ajua nazi ikipanda bei apunguze nini, na ajua nani hulipa na nani huahidi. Mpango wake haukuandikwa, lakini umo kichwani mwake na ameujaribu kwa fedha ndogo kwanza. Kijana anayeona haya kwenda kumuuliza, akaona fahari kumuuliza mpiga ramli, amekosa mwalimu aliye mlangoni pake.

Twarudi kwenye mfano. Kuna Ramadhani. Duka hili lauza chakula cha asubuhi, na kwa mwezi mzima wateja wake wamefunga. Kodi haifungi. Zile 30,000 zitatoka vile vile, na akiba yake ilikuwa 19,000. Mwezi huu sio wa ghafla. Wajulikana, na kila mwaka wa miladi hurudi nyuma kwa siku kumi au 11. Aliyeandika mpango ataona mapema kuwa mwezi ule ageuze kazi auze viazi karai, kaimati na bajia za kufuturia baada ya Alasiri, au amwombe msaidizi wake tangu mwanzo wakubaliane juu ya mwezi huo, au aanze duka lake mara baada ya Idi ili apate miezi 11 ya kujikusanya. Asiyeandika huandama mwezi mbinguni na kichwani mwake hapo hapo.

Kisha kuna mkopo wa jirani. Miji yetu ni ya watu wajuanao, na mwenye duka huona vibaya kumnyima mwana wa jirani. Tuseme katika zile sahani 58, kumi zachukuliwa kwa kuandikwa. Ni shilingi 800 kwa siku zisizoingia. Akiba ya 19,000 kwa 800 yatosha siku 23, na siku ya 24 hakuna fedha ya unga. Duka limejaa watu, kila siku lauza sahani zake 58 kama lilivyotakiwa, nalo linakufa. Tena ni hapo watu wasemapo husuda! Wallahi khasara hii haikuletwa na jicho. Ililetwa na sahani kumi. Mpango ungemwambia kabla ya kufungua kuwa aweza kukopesha sahani mbili au tatu kwa siku, si zaidi, tena kwa kuandikiana, na kwamba kumpa masikini chakula kwa sadaka ni jambo jema lenye hisabu yake peke yake, lisichanganywe na deni.

Na tuseme neno juu ya hirizi. Tumeona maduka ambayo juu ya mlango mna kitambaa cheusi kilichofungwa, chini ya mkeka mna karatasi yenye jadweli, na kila Ijumaa hufukizwa kwa mavumba maalumu, lakini ndani hamna daftari la mauzo. Mwenye duka amelipa fedha nyingi kwa mtu aliyemtazamia siku njema ya kufungua, na fedha hiyo haikuandikwa mahali popote katika matumizi. Tungependa kumuuliza mwenye kutazamia: siku hiyo njema, kodi yake yapungua? Dini yetu imetupa istikhara, nayo ni rakaa mbili na dua ya kumwomba Mungu akuchagulie kheri katika jambo unalolikusudia. Lakini mwenye kuomba achaguliwe ni yule aliyekwisha kulijua jambo lake. Imetupa na kushauriana. Kumpa mtu mwaminifu, ajuaye biashara ile, karatasi yako aisome na kuitia dosari ni kushauriana kwenyewe, kumwambia tu barazani, "Nataka kufungua duka, waonaje?" ni kutafuta sifa, naye atakujibu, "Mungu akufanikishe," mkamaliza kahawa.

Sasa twaja kwenye lililo zito kuliko yote haya, nalo ni kwamba mali ile si ya kijana. Katika zile 120,000, laki moja ni ya watu wengine. Lau angepoteza zake mwenyewe 20,000, tungemsikitikia tukanyamaza. Lakini aliyeshika mali ya mwenziwe ameshika amana, na kuhisabu ni katika kuilinda. Amepokea Bukhari kuwa mwenye kuchukua mali za watu akikusudia kuzilipa, Mungu humlipia. Na mwenye kuzichukua akikusudia kuziharibu, Mungu humharibu. Na kila kijana atasema, "Mimi nimekusudia kulipa." Twamwambia: kwa nini, na lini, na kutoka wapi? Kusudio lisilojua siku wala kiasi halijawa kusudio bado. Ni tumaini tu. Nasi twajua kuwa Mtume (s.a.w.) hapo mwanzo alikuwa akiletewa maiti aliyekufa na deni asiloacha cha kulilipia hamsalii yeye mwenyewe, huwaambia masahaba wamsalie, mpaka Abu Qatada alipojitolea kumlipia mmoja wao. Deni halikuwa jambo la kusema "tutaelewana".

Na mara nyingi hata jina la fedha ile halijulikani. Mama ametoa bangili. Je, ametoa zawadi, au amekopesha, au ameshiriki? Yeye anyamaza kwa mapenzi, na kijana anyamaza kwa haya, na kila mmoja moyoni mwake ana jibu lake. Duka likifungwa, na mama akifa, na ndugu wakakaa kugawa mirathi, hapo maneno ambayo yangesemwa kwa dakika tano juu ya karatasi husemwa kwa miaka 20 juu ya kaburi. Ikiwa ni zawadi, iandikwe ni zawadi. Ikiwa ni mkopo, iandikwe ni dhahabu aliyokopesha au ni fedha. Kwani aliyekopeshwa dhahabu kwa uzani deni lake ni dhahabu ya uzani ule, na aliyekopeshwa shilingi deni lake ni shilingi, na bei ya dhahabu haimngoji mtu. Aya ya deni katika Sura ya Al-Baqara ndiyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, na ndani yake tumeamrishwa kuliandika deni lenye muda, dogo au kubwa, tusichoke. Ni kweli kuwa aya hiyo imesamehe biashara ya mkono kwa mkono, isipoandikwa hapana ubaya. Lakini ni duka gani la siku hizi lililoanzwa mkono kwa mkono tu?

Ikiwa ndugu wa Ghuba amekusudia ushirika, basi hiyo ni mudharaba, mmoja atoa mali na mwengine atoa kazi, kama alivyokuwa Bibi Khadija (r.a.) akiwapa watu mali yake waifanyie biashara kwa fungu la faida, naye alipompeleka Muhammad (s.a.w.) Sham, kabla ya utume, alimtuma pamoja naye Maisara, mtumishi wake. Katika mudharaba faida hugawanywa kwa sehemu ijulikanayo, nusu au thuluthi. Haijuzu kumwahidi mwenye mali shilingi elfu kadhaa kila mwezi, faida ipatikane isipatikane, kwani hapo tumeingia katika riba kwa mlango wa nyuma. Na khasara ikitokea bila ya uzembe, huwa juu ya mwenye mali, na mfanyi kazi amepoteza jasho lake. Lakini je, uzembe utajulikana kwa nini? Yule ndugu aliyeko mbali ataonaje kuwa nduguye alijitahidi? Mpango ulioandikwa, na daftari lililofuatia, ndio shahidi wa kijana siku atakayohitaji shahidi. Bila ya hivyo hata mwaminifu hana la kujitetea.

Tangu mwaka 2008 mna nchini Kenya benki zinazofuata sharia, na mtu akienda kutaka zimnunulie bidhaa zimwuzie kwa bei ijulikanayo, kitu cha kwanza atakachoulizwa ni karatasi hii hii. Wengi hurudi mlangoni wakisema wamezungushwa. Kisha jioni huitia mikono simu zao, wakachukua mkopo wa dakika moja wenye ziada ya kila mwezi, kwa sababu simu haiulizi. Ziada ile ni riba, nasi hatuna haja ya kurefusha maneno juu yake. Twataka tu ionekane kuwa asiyekuwa na mpango ndiye awaye mawindo mepesi zaidi: siku ile ya 24, unga umekwisha na wateja wamo mlangoni, atachukua cho chote kitakachomjia.

Jambo jengine la kutenda, na si gumu: duka na nyumba visile katika mfuko mmoja. Awe na laini ya simu au nambari ya malipo iliyo ya duka peke yake, na ajiandikie kiasi cha kuchukua kwa wiki, kama yule Muansari aliyetengewa dirhamu ya chakula. Kwa hesabu hiyo hiyo ataweza kutoa zaka yake. Mwaka wa Kiislamu ukitimia, na mali ikiwa imefika nisabu, ambayo ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, atahisabu bidhaa zilizomo kwa bei ya siku ile, na fedha taslimu, na madeni anayotumai kulipwa; majiko na meza hazimo. Atatoa shilingi 25 katika kila elfu. Asiyekuwa na daftari hukisia, na mwenye kukisia mara nyingi hujikisia mwenyewe upande wa faida yake.

Imebaki kusema itakuwaje karatasi ikisema la. Kijana wetu amesimama njiani wiki nzima, amehisabu, na ameona kuwa mtaa ule hauwezi kumpa sahani 58. Utampa 35 kwa siku nzuri. Asiione kuwa ni balaa. Aweza kuandika tena: asiajiri msaidizi, apike mwenyewe na mkewe kama wameridhiana; asikodi mlango, aanze barazani kwa shilingi elfu sita au saba katika zile zake 20,000; atazame kwa siku 15. Bila ya kodi wala mshahara, sahani 35 zampa shilingi 1,050 kwa siku, naye hakuhitaji mali ya mtu. Nduguye amjulishe kwamba zile 40,000 bado hazijapata kazi, ataka azirudishe au amngoje. Na bangili, ikiwa bado hazijafika kwa sonara, azirudishe mkononi mwa mamake jioni ile ile, amwambie ni kwa nini, na amwonyeshe karatasi.